Mwanza kwa Miguu, kwa Mwenye Begi Mgongoni

Ukiingia Mwanza kwa basi, barabara itakupitisha bondeni, na bondeni utaona maduka, vituo vya mafuta na msururu wa bajaji. Mji wenyewe uko juu. Uko Isamilo, Mabatini, Igogo na Bugando, kwenye vilima vya mawe ambako nyumba zimekaa juu ya mwamba, ubavuni mwa mwamba, na nyingine zimejibana kati ya majabali mawili. Sehemu nyingi za huko gari halifiki. Watu hupanda kwa ngazi za saruji walizojijengea, kwa vichochoro, na kwa njia zilizolainishwa na nyayo za miaka mingi. Ndiyo maana msafiri mwenye pesa kidogo anayetegemea miguu yake huijua Mwanza kuliko yule anayezungushwa kwa gari la kukodi.

Siku moja inatosha kuanzia, ila uipange vizuri. Panda mlima alfajiri. Teremkia soko la samaki asubuhi likiwa limechangamka. Jua la utosi likukute kivulini karibu na maji, na jioni uwe upande wa magharibi wa mji. Ukigeuza mpangilio huo utajikuta unapanda Isamilo saa saba mchana, mawe yakiwa yameshika moto, na ukifika sokoni utakuta pilikapilika zimekwisha.

Kabla hujatoka

Stendi kubwa za mabasi ni mbili, Nyegezi upande wa kusini na Nyamhongolo upande wa mashariki, na zote ziko mbali na katikati ya mji. Hapo usijitese, panda daladala. Ukija kwa meli ya usiku kutoka Bukoba, au kwa treni inayopitia Tabora, utashukia karibu na mji na unaweza kuanza kutembea palepale.

Tafuta gesti ya bei nafuu Kirumba au mitaa ya jirani na Soko Kuu. Nyumba za wageni za Capri Point ni nzuri, lakini nyingi zimejengwa kwa ajili ya watu wa mfuko mwingine. Kabla ya kulipa, omba kuona chumba. Angalia chandarua kama hakijatoboka, fungua bomba uone kama maji yanatoka, jaribu kitasa. Chumba cha choo cha nje huwa rahisi kuliko chenye choo ndani, na kwa mtu atakayekuwa nje kutwa nzima tofauti hiyo ya bei ni chakula cha mchana. Begi kubwa libaki mapokezi au chumbani. Wewe chukua kifuko chepesi chenye chupa ya maji, kofia, kitambulisho na chenji.

Chenji ni jambo la maana kuliko wageni wengi wanavyodhani. Bodaboda, mama lishe, muuza karanga na kondakta wa daladala wote huanza siku bila chenji. Uwe na sarafu za mia tano na noti za elfu moja na elfu mbili. Ukitoa noti ya elfu kumi saa moja asubuhi kwa ajili ya chapati mbili na chai, utamsumbua mama wa watu, atakuacha na kijiko mkononi akazunguke mtaa mzima kuitafutia chenji.

Viatu ni raba zenye meno chini. Kandambili ziache chumbani. Mawe ya Mwanza ni matale. Yakiwa makavu yanashika vizuri, yakilowa yanateleza. Mvua kubwa huja kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Oktoba hadi Desemba. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya kutembea bila wasiwasi, ingawa vumbi huwepo.

Na kwa anayetoka Dar es Salaam, Tanga au Mombasa: jua la Mwanza huchelewa. Saa ni ileile ya pwani, lakini mji huu uko magharibi sana, kwa hiyo jua huchomoza na kuzama karibu nusu saa nyuma ya pwani. Saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza. Toka saa kumi na mbili na nusu. Kile ulichonyimwa alfajiri utalipwa jioni, kwa sababu mwanga hukaa mpaka karibu na saa moja.

Isamilo, jua likichomoza

Anzia katikati ya mji, elekea mashariki, na kila penye njia panda chagua inayopanda. Mwanzoni utakuwa kwenye barabara ya lami yenye nyumba za zamani na miembe. Kisha lami itakwisha, njia itakuwa nyembamba, na utaanza kuona namna watu wa hapa walivyoelewana na mawe. Nyumba moja ina jabali kwa ukuta wa nyuma. Nyingine imelizunguka jiwe ambalo hakuna aliyeweza kulivunja, likabaki katikati ya uwanja; nguo hutandazwa juu yake, na watoto hulifanya kiti. Mabomba ya maji yamelazwa juu ya mwamba kwa sababu hakuna udongo wa kuyafukia. Ukisikia mlio wa chuma kwenye jiwe, kimya kidogo, kisha tena, ni akina mama wanaogonga kokoto. Hukaa chini ya mwavuli au turubai, nyundo mkono mmoja, na kando yao mafungu ya kokoto yamepangwa kwa ukubwa yakimsubiri mwenye kujenga.

Hapa kuna adabu ambayo nakusihi uishike kuliko ushauri mwingine wote. Njia za mlimani hupita uani kwa watu. Unachokiona kama kichochoro ni mlango wa jikoni kwa mtu, na mama anayefagia hapo hakualika mtalii. Kwa hiyo usipite kimya. Salimia.

"Shikamoo mama. Naomba kupita."

"Marahaba mwanangu. Pita tu. Unakwenda wapi?"

"Nataka kufika juu, nione ziwa."

"Basi usifuate hiyo, inaishia kwa watu. Zunguka pale kwenye tangi."

Salamu hiyo moja itakuokoa na njia mbovu, na itakupa mlinzi. Mtoto wa nyumba hiyo mara nyingi atatumwa akusindikize hadi juu. Ukiweza kusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", utaona uso unavyofunguka. Ukishukuru sema "Wabeja". Kamera usiitoe mpaka umeomba. Watu wanaoga, wanapika, wananyonyesha. Ziwa litakuwepo, utalipiga picha ukifika juu.

Njia hizi pia zitakufundisha uzito wa maji. Mtambo mkuu wa kusafisha maji ya mji uko Capri Point, kando ya ziwa lenyewe, na maji husukumwa kwa pampu kupanda kwenye matangi ya vilimani. Pampu ikizidiwa, au umeme ukikatika, wa juu ndio wanaoanza kukosa. Utakutana na wasichana na vijana wenye madumu ya njano ya lita 20, wakipanda ngazi zilezile ambazo wewe unahema mikono mitupu, na chini yao ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, lenye eneo la karibu kilomita za mraba 69,000. Wapishe. Mwenye mzigo ndiye mwenye njia.

Ukifika juu, kaa. Usiharakishe kushuka. Jua likipata mawe, mijusi hutoka kujianika, na dume lake halifichiki: kichwa na mabega mekundu, mwili wa buluu iliyokolea. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, limetokana na mji huu huu. Kwenye nyufa za majabali kuna pimbi pia, wanyama wadogo wa manyoya ya kahawia ambao, amini usiamini, ni jamaa wa tembo. Ukitulia dakika chache watatoka. Ukiongea watarudi ndani.

Mbele yako kuna ghuba, meli bandarini, mapaa ya bati yakiteremka mpaka majini, na upande wa kusini kilima cha Bugando chenye hospitali kubwa ya rufaa kileleni. Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika maeneo haya akitokea Kazeh, yaani Tabora ya leo, baada ya kumwacha mwenzake Richard Burton akiugua. Aliliona ziwa akiwa juu ya kilima kimojawapo cha hapa, akalipa jina la malkia wake, na jina hilo likabaki kwenye ramani. Vitabu vingi humtaja yeye tu. Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa hadi India, ambaye alizungumza na Speke kwa Kihindustani kisha akawageukia watu wa bara kwa Kiswahili. Bila Bombay, Speke asingejua hata alichokuwa anakitazama. Wenyeji waliliita Nyanza, na walikuwa wamevua humo vizazi na vizazi.

Wengine hupenda kupanda Bugando badala ya Isamilo. Barabara ya kwenda huko, ya Wurzburg, imebeba jina la mji wa Ujerumani ambao ni rafiki wa Mwanza tangu 1966, na mandhari yake ni mazuri. Lakini ile ni hospitali. Watu wamekuja na wagonjwa wao kutoka Mara, Geita, Kagera na Simiyu, wengine wanalala nje wakisubiri. Mimi sipeleki wageni kwenda kutazama mandhari mahali pa majonzi ya watu. Isamilo inatosha.

Mwaloni

Shuka upande wa kaskazini-magharibi kuelekea Kirumba. Njiani kunywa chai. Mama lishe wa asubuhi hukaa kwenye kona za mitaa na masufuria yake: chai ya rangi au ya maziwa, chapati, vitumbua, mihogo ya kukaanga, na mara nyingine supu ya samaki yenye ndimu na pilipili. Ukikuta matobolwa, yale mapande ya viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa, nunua ya kutosha mfukoni. Hayaozi, yanashibisha, na ndicho chakula bora cha njiani ambacho Usukuma umempa msafiri.

Soko la Mwaloni Kirumba ndilo sababu tosha ya kuja Mwanza. Liko ukingoni mwa ziwa, na harufu yake itakupokea kabla hujaliona. Hapa mitumbwi na boti za mbao huleta dagaa waliokaushwa visiwani, Ukerewe na kwingineko, na hapa magunia hupimwa, hushonwa na kupakiwa kwenye malori. Mzigo mwingi hauishii Tanzania. Wanunuzi huja kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, na utasikia Kiswahili cha Bukavu na Goma kikipatana bei na cha Kisukuma. Wakongo wanapenda sana kayabo, sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa mpaka akawa mgumu wa kusimama ukutani. Mafungu ya kayabo hufika kiuno cha mtu mzima.

Simama mahali pamoja uone kazi. Dagaa humwagwa kwenye turubai. Mnunuzi huchota kiganjani, hupeperusha, huangalia mchanga. Dagaa mzuri ni wa rangi ya fedha na haachi vumbi mkononi. Aliyenyeshewa wakati wa kuanikwa huwa wa njano na hukatika. Mnunuzi huvunja mmoja, hunusa, humtafuna. Baada ya hapo ndipo bei hutajwa. Wewe mwenye begi hununui gunia. Uliza kisado, au nusu yake, na usiogope kuomba nyongeza, kwa sababu nyongeza ni haki ya mnunuzi. Dagaa wa kukaanga wenye chumvi na limau watakaa siku kadhaa kwenye mfuko wako.

Ujazo wa soko hufuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina nguvu penye mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, na soko hupungua. Ukiweza kuchagua tarehe za safari yako, chagua siku za giza.

Kuwa mwangalifu na makuli. Wanabeba magunia mgongoni wakikimbia, na wakipiga kelele "Pisha!" wanamaanisha sasa hivi. Maguta nayo hayana breki za kuaminika. Juu ya mapaa na kando ya vichanja utaona makorongo wakubwa wenye vipara na kifuko shingoni wakingoja matumbo ya samaki. Hawadhuru mtu, lakini usile ukiwa umesimama karibu nao. Picha uliza kwanza, na pesa ikitajwa, shukuru uondoke bila ugomvi.

Katikati ya mji

Kutoka Kirumba kurudi mjini kwa Barabara ya Makongoro ni mwendo wa nusu saa hivi, na njia ni tambarare. Nitakuwa mfupi kuhusu mjini, kwa sababu maduka ni maduka. Kinachonivutia ni vibao vya mitaa: Nyerere, Kenyatta, Lumumba, Nkrumah, Balewa, Rwagasore. Mji uliotawaliwa na Wajerumani tangu miaka ya 1890 kisha Waingereza uliamua, baada ya uhuru, kujipa majina ya Waafrika wa wakati wake, na mtoto wa Mwanza anayekwenda dukani humtaja waziri mkuu wa Burundi aliyeuawa 1961 bila kujua. Ukiwa na mwenyeji kijana, muulize Rwagasore alikuwa nani. Kisha msimulie.

Pita Makoroboi, ambako wamachinga wamejaza bidhaa chini ya jabali na hekalu la Wahindu liko palepale, kisha Soko Kuu kwa matunda. Nunua parachichi, ndizi na machungwa. Mto Mirongo unaokatiza mji kwenda ziwani utauvuka mara moja au mbili; ni mchafu, na mvua ikinyesha hujaa haraka. Mawingu yakiwa mazito usikae kingoni mwake.

Saa saba mpaka saa kumi

Hizi ni saa za kula na kukaa. Teremkia upande wa Kamanga, karibu na kivuko, kwa mama lishe. Chakula cha Mwanza ni ugali na samaki, na wenyeji hubishana kwa dhati kuhusu samaki gani. Sato ni mtamu na ghali. Sangara ana minofu mingi na mafuta. Ila mwenye mfuko mwepesi aulize kichwa cha sangara. Viwanda vya minofu vya hapa hupeleka minofu ng'ambo, na vichwa hubaki kwa wenyeji. Kichwa kimoja kikubwa kilichochemshwa kwa nyanya, kitunguu na ndimu kina nyama ya mashavuni na shingoni ambayo kwangu ni tamu kuliko huo mnofu unaosafirishwa. Mabaki mengine, mifupa yenye nyama kidogo, hukaangwa na kuuzwa kwa jina la mapanki. Ni chakula cha watu wa hali ya chini na hakuna haya kukila.

Chagua samaki akiwa mbichi, taja bei kabla hajaingia kwenye mafuta, kisha kaa. Kufanya hivyo kunazuia maneno baadaye.

Baada ya kula una njia mbili, na kwa bajeti ndogo nashauri uchague moja. Ya kwanza ni Kisiwa cha Saanane. Boti huondokea kwenye ofisi ya hifadhi upande wa Capri Point na kuvuka ni dakika chache tu. Palikuwa bustani ya wanyama iliyoanzishwa 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, miongoni mwa zilizo ndogo kabisa nchini. Jina ni la mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi hapo kabla. Kuna swala, pimbi wengi, kenge, na njia za kutembea juu ya mawe. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni kidogo sana kulinganisha na cha mgeni wa mbali, kwa hiyo kitambulisho chako kiwe mkononi.

Ya pili ni kivuko cha Kamanga, nayo ndiyo ninayoipenda. Lipa nauli ya abiria asiye na gari, vuka ghuba mpaka upande wa Sengerema pamoja na akina mama wa mikungu ya ndizi, kunywa soda, urudi na kivuko kinachofuata. Uliza ratiba siku hiyohiyo ili usikwame ng'ambo. Ukiwa katikati ya maji ndipo utaona Mwanza yote kwa pamoja: vilima vimesimama nyuma, nyumba zimepanda mpaka kwenye mabega ya mawe, na utautambua mlima uliopanda asubuhi. Anayeendelea na safari kwenda Geita au Bukoba kwa basi atavuka ghuba hii upande wa kusini juu ya Daraja la JP Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo basi lilingoja kivuko.

Usitie miguu ziwani, hata joto likikuzidi. Maji ya ukingoni yana konokono wanaobeba kichocho, na minyoo yake hupenya kwenye ngozi bila wewe kuhisi. Watoto utawaona wanaogelea. Wengi wao hulazimika kupewa dawa shuleni. Ukishaingia bahati mbaya, nenda kapime wiki chache baadaye. Dawa ipo na inatibu.

Jioni

Saa kumi jua hupunguza ukali na upepo wa ziwani huwa umeshika kasi. Zunguka Capri Point kwa miguu, kwa barabara inayofuata maji. Ni mtaa wa nyumba kubwa, kimya, wenye kivuli. Kwenye kilima chake majabali yako wazi na unaweza kukwea kidogo, ila shuka kungali na mwanga.

Rudi uwe karibu na kivuko kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Hapo majini, hatua chache kutoka nchi kavu, limesimama Jiwe la Bismarck: majabali yamepandana, la juu limekaa kwa ncha ambayo macho hayakubali. Wajerumani walilipa jina la kansela wao, Otto von Bismarck, na mji umeliweka kwenye picha zake zote. Jua huzama nyuma yake, ng'ambo ya ghuba. Wanafunzi, wachumba, wapiga picha wa kulipwa na wauza karanga wote huwa hapo. Hakuna anayekutoza kitu kwa kuwa kando ya maji. Kamera iangalie jiwe na jua. Bandari, meli na mitambo usivipige bila ruhusa.

Giza likiingia, kutembea kumekwisha. Vichochoro vya milimani havina taa, na simu mkononi huita wezi. Panda bodaboda mwenye kizibao na kofia ya pili, patana bei kabla hujakaa. Kula mishikaki au chipsi karibu na gesti yako. Kama ni usiku wa giza na gesti iko mahali palipoinuka, tazama ziwani kabla ya kulala: taa za wavuvi wa dagaa hupanga mstari mrefu majini, na mzigo wao utakaushwa, utaletwa Mwaloni.

Ukijaliwa siku ya pili, panda daladala ya Kisesa uende Bujora, kilomita zisizozidi 20 hivi kutoka mjini, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada. Kuna ngoma za watemi, na ukija Juni utakuta sikukuu ya Bulabo, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindana kucheza. Njiani utapita Igoma. Hapo wamelazwa watu waliokufa tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikiikaribia Mwanza, na mamia ya abiria hawakufika. Wengi walikuwa wasafiri wa nauli ndogo wenye mabegi yao, wakitoka Bukoba kwa njia ileile ambayo huenda wewe umekuja nayo. Mwambie kondakta akushushe, uwaombee, kisha upande daladala inayofuata.